Kuokota Sindano

Ndani ya stoo ya mafagio, Chapuchapu alifungua vifungo vya juu vya shati la kazi akaanza kujipanga. Vitambaa alivyovikata kutoka kwenye shuka kuukuu alivikunja, akaviingiza ndani ya sidiria, kimoja huku na kimoja kule. Kisha akachukua mfuko wa nailoni uliokuja na mkate, akaupasua kwa meno, akapachika vipande juu ya vile vitambaa ili unyevu usifike kwenye shati. Nailoni ikawa inatoa mchakacho kila alipoinua mkono. Aliibonyeza kwa viganja, akatembea kidogo kati ya ndoo na madumu ya sabuni, akasikiliza. Bado ilisikika, ila nje kutakuwa na muziki.

Shati lenyewe lilikuwa jeupe. Mkahawa ule ulipenda weupe kuliko hata hospitali: viti vyeupe, mapazia meupe, turubai jeupe juu ya baraza iliyojengwa hadi juu ya maji. Ni sakafu ya baraza peke yake iliyokuwa ya mbao nyeusi, na hiyo waliisugua kila asubuhi mpaka mtu aweze kujitazama meno.

Titi la kushoto lilikuwa limeanza kujaa. Alilipapasa kwa juu, akafunga vifungo, akachukua fagio asilolihitaji, akatoka nalo ili aonekane alifuata kitu.

Kazini hakuna aliyejua kwamba ana mtoto, ukiwaondoa wale waliojua. Wapishi walijua, waosha vyombo walijua, na mzee wa geti la nyuma alijua kuliko wote. Wasiopaswa kujua ni msimamizi, ambaye kila mtu alimwita Madam, na tajiri mwenyewe. Vibarua pale hawakuwa na likizo ya uzazi. Si kwamba walikatazwa kuzaa. Mkahawa haukuwa na roho mbaya kiasi hicho. Mwanamke aliruhusiwa kuzaa kadiri alivyotaka, ila akizaa alihesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake mwenyewe.

Kwa hiyo Chapuchapu alikuwa amelificha tumbo chini ya aproni miezi yote ile, na bahati ikawa ni tumbo dogo. Siku ilipofika mtoto akagoma kutoka, madaktari wakampasua. Hapo shida ikageuka kuwa msaada, maana mtu aliyepasuliwa tumbo ana kovu la kuonyesha. Alituma ujumbe kazini kwamba amefanyiwa operesheni ya kidole tumbo. Madam akampa pole, akampa na wiki tatu zisizo na malipo, akamwambia zikipita hizo nafasi itapata mtu mwingine. Wiki tatu zilipokwisha Chapuchapu alirudi, anatembea amejikunja kidogo kama mtu anayetafuta njia gizani, na jina alilopewa zamani kwa wepesi wake likawa linamsuta.

Jikoni hawakukosa la kusema. Mtoto wakambatiza Kidole. "Kidole hajambo?" "Kidole kimekulaza leo, au kimekesha?" Madam akipita aliwasikia, akadhani wanamjulia hali ya mshono, na mara moja aliwahi kuwasifu kwa upendo.

Kidole hakutaka maziwa ya kopo. Walijaribu, yakamharisha mpaka macho yakazama na utosi ukabonyea. Nesi wa kliniki alimwambia mama yake Chapuchapu, tena kwa ukali, kwamba dawa ya mtoto huyu ni titi na si kitu kingine. Tangu siku ile bibi alimbeba mjukuu wake kila saa sita mchana, akatembea naye mpaka geti la nyuma la mkahawa. Mzee wa geti alilifungua nusu, akageuka kutazama barabara kwa makini kuliko kawaida. Chapuchapu alichuchumaa nyuma ya mitungi ya gesi, akamnyonyesha mwanawe haraka haraka, masikio yote jikoni. Ndiyo ilikuwa namna Kidole anavyokula mchana.

Baba yake Kidole alikwenda mbali kutafuta kazi za ujenzi. Alipiga simu alipopata vocha. Chapuchapu hakumlaumu, alikuwa amechoka hata kulaumu.

Asubuhi ile Madam aliwapanga wahudumu kwenye mstari karibu na kaunta ya vinywaji. Alikuwa mwanamke mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kugomba. Watu walimwogopa kwa sababu hiyo.

"Leo ni Mlo Maalumu wa Mama," alisema. "Meza zote zimejaa. Kila mama atakayeketi hapa leo ni malkia. Hangoji, hajimiminii, hainami kuokota hata kijiko. Kila mama atapewa waridi moja na keki. Tajiri atakaa meza ya mbele na wageni wake, kwa hiyo mnajua."

Walijua.

"Simu zote kwenye sanduku. Geti la nyuma limefungwa, kuna walinzi wa kampuni. Haingii mtu wala hatoki mtu mpaka mgeni wa mwisho aondoke."

 Chapuchapu alijipenyeza nyuma ya mstari, akachungulia dirisha la jikoni. Kweli, getini walisimama vijana wawili wenye miwani myeusi asiowajua. Mzee wa geti alikuwa amepelekwa kuongoza magari kule mbele. Simu ya Chapuchapu ilikuwa tayari sandukuni, chini ya simu za wengine.

"Na picha," Madam aliendelea. "Mpiga picha wetu anataka picha safi. Nikipiga makofi mawili, popote ulipo, unashuka."

Hiyo nayo walijua. Picha safi ni picha isiyo na mhudumu. Mkahawa ulizituma picha zake kila mahali, na tajiri hakupenda mgeni apigwe picha huku nyuma yake kuna mtu amebeba sahani chafu. Kwa hiyo makofi mawili yakilia, wahudumu wote walichuchumaa nyuma ya viti na meza, wakabaki hivyo mpaka waambiwe. Wenyewe walikuita kuokota sindano.

"Miaka yote hii tunaitafuta hiyo sindano," alinong'ona Twiga, mhudumu mrefu ambaye magoti yake yalipiga kelele kila aliposhuka. "Aliyeipoteza hata asante hasemi."

Watu walicheka kwa pua. Chapuchapu hakucheka. Mstari ulipovunjika alimfuata Madam.

"Madam, naomba dakika kumi saa sita. Kuna dawa yangu ya mshono."

"Imeze sasa hivi."

"Ni ya kupaka."

Madam alimtazama, si kwa ubaya. "Chapuchapu, leo jipake ukifika nyumbani. Leo tusaidiane."

Wageni walianza kuingia kabla jua halijafika utosini. Akina mama waliletwa na watoto wao wakubwa, wengine wameshikwa mkono kama mayai, wamevaa vya kuvaa siku za heshima, wamenyunyiziwa manukato mpaka nzi wenyewe wakahama. Wengi walikuwa wanawake wazuri tu, wa kusema tafadhali na asante. Mmoja alimuuliza Chapuchapu kama amekula. Alijibu amekula, maana hilo ndilo jibu.

Meza yake ilikuwa ile ya pembeni, kando ya kizuizi cha kamba, ambapo ukitazama chini unaona maji na ukuta mfupi wa mawe unaoyazuia. Palikuwa na mama mmoja mnene wa gauni la kijani, mwanawe wa kiume, na binti yake aliyekuja na mtoto mchanga amelala kwenye kiti chake cha kubebea. Chapuchapu aliwapa supu. Akawapa mikate midogo ya moto ndani ya kitambaa. Akawamiminia maji. Hakumtazama mtoto. Alijua asimtazame.

Lakini masikio hayana kope. Supu ilipokuwa inaondolewa, mtoto wa meza ile aliamka, akakunja uso, akalia.

"Mpe, ana njaa," alisema mama wa kijani.

"Mama, kanyonya sasa hivi kwenye gari. Huu ni uchoyo tu," alisema binti, anacheka, na huku anacheka akajitanda mtandio, akampakata mwanawe ndani yake. Kilio kikakatika. Kilichosikika baada ya hapo ni ule mguno mdogo wa mtoto anayemeza.

Mwili ni mjinga. Ukisikia mtoto analia hauulizi ni wa nani. Chapuchapu alisimama na jagi la maji mkononi, akausikia ule mchomo kama wa sindano nyingi kwa pamoja, kwanza kushoto kisha kulia, halafu joto likishuka. Alibana mikono kifuani, akalikumbatia jagi. Vitambaa vikalowa vyote kwa mkupuo mmoja. Nailoni ikashikilia.

Ilikuwa imeshapita saa sita. Mama yake atakuwa amefika getini, akaona limefungwa, akaona wale vijana wa miwani. Chapuchapu alijiambia kwamba mama atarudi nyumbani. Ni mtu mzima, ana akili zake, ataelewa. Akawapelekea watu samaki.

Kilio cha pili hakikutoka mezani. Kilitoka chini, upande wa ukuta wa mawe, na Chapuchapu alikijua kabla hajageuka, kwa sababu kila mama anaijua sauti ya mwanawe hata ikiwa katikati ya soko. Aligeuka polepole. Kwenye ukuta, palepale ambapo turubai la mkahawa lilidondosha kipande kidogo cha kivuli, alikaa mama yake, mwavuli wa bluu wenye ubavu uliovunjika ukiwa wazi juu ya mtoto. Hakuwa anajificha. Alikuwa amekaa wima, uso ameuelekeza barazani, anamtafuta bintiye katikati ya mashati meupe. Alifikiri akikaa panapoonekana, ataonwa na mmoja tu.

Kidole alilia. Alilia kwa ile sauti ya mtoto aliyekwisha kulia sana, isiyo na nguvu ila yenye kukwaruza. Muziki ulipopumzika aliweza kusikika hadi meza ya tatu. Watu walianza kugeuza shingo.

"Hawa wakisikia kuna watu wanakula huja na watoto makusudi," alisema mwana wa yule mama wa kijani, anakata samaki wake.

"Hebu acha hizo, na leo siku yenyewe ya mama," alisema mama yake. Akamshika Chapuchapu mkono. Kiganja chake kilikuwa laini, chenye joto. "Dada, samahani. Yule bibi pale chini. Jua lote hili na mtoto mdogo hivyo. Mfanyieni kitu, jamani. Mimi chakula hakishuki."

Alikuwa anasema kweli. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Chapuchapu alifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo neno lilikuwa palepale nyuma ya meno: ni mwanangu. Lingetosha hilo. Mama wa watu angemwita yule bibi apande, pengine angempakata mtoto mwenyewe. Na kesho yake mama wa watu angekuwa kwake, na Chapuchapu angekuwa kwake, bila kazi.

"Tutalishughulikia, mama," ilisema sauti ya chini nyuma yake. "Samahani sana kwa usumbufu."

"Si usumbufu, mimi nasema tu huruma..."

"Tumeelewa, mama. Endelea kufurahia."

Madam alimshika Chapuchapu kiwiko, akampeleka nyuma ya pazia, penye kabati la vijiko na uma. Hapo alimgeuza kuelekea kwenye mwanga. Alitazama usoni, kisha akatazama chini. Upande wa kushoto wa shati, chini kidogo ya mfuko, palikuwa na doa la duara.

"Umemwagikiwa na nini?"

"Maji, Madam."

Madam alilibonyeza doa kwa ncha ya kidole, akasugua kidole hicho kwa dole gumba. 

"Mimi nimezaa watatu," alisema. "Kidole tumbo hakitoi maziwa."

Chapuchapu alitazama uma zilizopangwa. Zote zilikuwa zimelala upande mmoja.

"Yule bibi ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Na mtoto ni wako."

"Wangu, Madam. Hataki maziwa ya kopo. Yalimharisha karibu tumpoteze. Nilikuwa namnyonyesha saa ya mapumziko tu, sijawahi kuchelewa mezani, waulize..."

"Nani wa kuuliza? Kumbe wote wanajua." Madam aliegemea kabati. Ghafla alionekana kama mtu ambaye viatu vinambana tangu jana. "Huyu wangu wa mwisho nilimwachisha ana wiki mbili. Nilikuwa mapokezi wakati huo, kwenye hoteli nyingine. Sasa ni mwanafunzi mkubwa, hata hakumbuki."

Chapuchapu alilifunika doa kwa kiganja.

"Sikiliza. Nikiwatuma wale walinzi watamburura bibi wa watu mbele ya wageni. Nenda wewe, wewe atakusikia. Mwondoe kwa adabu. Akiondoka kimya, na asirudi tena hapa, si leo wala siku nyingine, mimi sijaona kitu na kidole tumbo chako kimepona. Lakini ukikaa kule hata kidogo, ukamshika yule mtoto, wageni wote wanatazama, na tajiri naye anatazama. Mimi hapo sina mdomo tena. Nina watatu."

Alifungua droo, akatoa aproni ndefu yenye kifua, akamvalisha mwenyewe na kumfunga kamba nyuma, vizuri, kama mtu anayemtayarisha binti yake kwenda shule.

Alipotoka nyuma ya pazia, mama wa kijani alimwita. Alikuwa amefunga mikate miwili katika kitambaa, na juu yake ameweka lile waridi alilopewa mlangoni. "Mpelekee. Mwambie na yeye ni mama."

Ngazi za pembeni zilishuka mpaka kwenye mawe. Chapuchapu alizishuka moja moja, mkono kwenye mshono, mkono wa pili na mikate na ua. Aliyahisi macho ya baraza nzima mgongoni.

"Nilijua utaniona tu," alisema mama yake, akatabasamu. Jasho lilikuwa limemkaukia usoni likaacha chumvi. "Wale vijana hawasikii la mtu. Nikasema nizunguke huku. Mume wangu huyu kanikasirikia, hata maji ya kijiko kayatema." Tayari alikuwa anamfungua mtoto kwenye nguo, anasogea kumpisha bintiye kwenye jiwe. "Kaa hapa, upe mgongo kule. Nitakukinga na mwavuli."

Kidole alikuwa mwekundu, ngumi zimekazwa. Aliyanusa maziwa. Mtoto hanusi kitu kingine hivyo. Aligeuza kichwa upande wa aproni, mdomo wazi, akitikisatikisa shingo ile isiyo na nguvu.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Nimetumwa nikuondoe."

Mama yake aliacha mikono ilipokuwa. Alitazama juu, kule barazani, penye nyuso zilizopangwa kando ya kamba, kisha akamrudia bintiye.

"Wamekutuma wewe?"

"Msimamizi anajua. Tajiri hajui. Nikimshika tu, kazi hakuna."

"Hata kidogo? Hata la upande mmoja?"

"Mama, tafadhali."

Hakuweza kusimama vile, bila kumgusa. Aliinama kana kwamba anaweka mikate juu ya jiwe, na katika kuinama akampa mtoto kidole chake cha mwisho. Kidole alikidaka. Akanyonya kwa nguvu zake zote, macho amefumba, kidole chenye harufu ya samaki na sabuni ya vyombo. Akanyonya, akanyonya. Halafu akagundua, akakiachia, akamtazama mama yake, na kilio chake safari hii kilikuwa kama cha mtu mzima aliyedanganywa.

Bibi alimfunga mtoto tena. Alifanya haraka, bila kutetemeka. Maishani mwake alikuwa amefukuzwa mahali pengi na alijua namna ya kuondoka.

"Basi sema," alisema kwa sauti ndogo. "Sema walivyokutuma. Wasije wakakuona umesimama tu na mimi kama watu wanaojuana."

Chapuchapu hakuweza.  Kwa hiyo mama yake akamsaidia. Alisimama, akainamisha kichwa, akalipokea waridi na ile mikate kwa mikono miwili, akapaza sauti ili barazani wasikie vizuri:

"Ahsante sana, dada. Mungu akubariki, dada. Naondoka, nisamehe."

Juu, watu wawili watatu walipiga makofi madogo ya ridhaa.

"Utatoka saa ngapi?" aliuliza bibi bila kuinua macho, anakusanya mwavuli.

"Saa kumi na moja. Wakiwahi kuondoka."

"Saa hizo mume wangu atakuwa ameshachoka kulia." Hakusema kwa kumlaumu. Alikuwa anapanga tu siku yake. "Nenda, mwanangu. Usikimbie, mshono utafunguka."

Akashika njia ya ukutani, mtoto mgongoni, waridi mkononi kama mtu aliyeshikizwa mzigo wa mwingine. Chapuchapu alipanda ngazi. Hakugeuka, kwa sababu mhudumu hageuki kumtazama mtu asiyemjua.

"Alifurahi?" mama wa kijani alimpokea kwa macho ya kusubiri.

"Alifurahi, mama. Ameshukuru sana."

"Maskini. Mnaona, kitu kidogo tu." Alimgeukia binti yake, kisha akamgeukia tena Chapuchapu, akamshika mkono kwa upendo wake ule. "Na wewe una watoto, dada?"

Madam alikuwa kwenye meza ya jirani, anapanga upya glasi ambazo hazikuhitaji kupangwa.

"Sina, mama."

"Usijali. Bado kijana wewe. Mungu atakujalia."

"Amina, mama."

Aliondoa sahani za samaki. Mifupa ilikuwa imebaki na nyama nyingi. Jikoni aliimwaga kwenye pipa, akashika ukingo wa sinki, na Twiga aliyekuwa anapita na trei ya keki akasimama.

"Vipi? Kidole?"

"Kaondoka."

Twiga alitafuta mzaha wa kusema, akaukosa, akampa trei nyepesi yeye akachukua nzito.

Nje mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti. Alikuwa mchekeshaji wa kulipwa, na mpaka hapo alikuwa ameshawafanya akina mama walie na wacheke. Alizungumza juu ya mama anayekesha, mama anayelala njaa ili mwanawe ale. Watu walijipangusa macho kwa vitambaa vya meza. Chapuchapu alizunguka na keki, akaweka sahani mbele ya kila mtu kutoka upande wa kulia, jinsi walivyofundishwa. Chini ya aproni shati lilikuwa limemganda. Maziwa hayakuwa yamesikia kwamba mtoto kaondoka, yaliendelea kushuka.

"Sasa nataka picha moja ya historia," alisema mshereheshaji. "Akina mama wote tusimame. Nimesema wote. Kama wewe ni mama, leo usikae."

Viti vilikwaruza sakafu. Walisimama wote, mama wa kijani na binti yake aliyempakata mwanawe, vikongwe waliosaidiwa kwa kushikwa kwapa, mke wa tajiri kule mbele, kila mmoja na waridi lake. Mpiga picha alipanda juu ya kiti.

Makofi mawili yakalia.

Wahudumu walishuka. Walishuka wote kwa pamoja, kama kawaida yao, mashati meupe yakazama kati ya viti. Chapuchapu alikuwa katikati ya meza mbili, trei tupu mkononi. Aliiweka chini, akashika mgongo wa kiti kwa sababu ya mshono, akakunja magoti taratibu. Kovu lilimvuta. Pembeni yake magoti ya Twiga yalilia. Hakuna aliyetamka lile neno la sindano.

Huku chini dunia ilikuwa ya viatu. Viatu vya visigino, viatu vya dhahabu, miguu iliyovimba iliyovuliwa viatu kwa siri. Alisikia watu wakihesabiwa kwa ajili ya kutabasamu. Akiwa amejikunja vile, mapaja yalilisukuma tumbo na tumbo likasukuma kifua; nailoni ikateleza, na tone likapita kando ya aproni, likadondoka kwenye mbao nyeusi. Kisha jingine. Yalionekana waziwazi. Alivuta kitambaa cha meza kilichoanguka, akapangusa. Yakadondoka mengine palepale.

Kutoka mbali, upande wa ukutani, alisikia mtoto analia, au alidhani. Kilio kilikuwa kinakwenda. Aliinua kichwa kidogo ili ajue ni upande gani.

"Subirini, msiondoke," alisema mpiga picha kutoka juu ya kiti. "Kuna mkono pale nyuma. Katikati ya yule mama wa kijani na binti yake, kuna mkono umeshika kiti. Naomba mwenye mkono autoe."

Akina mama walicheka, wakageuka kutafuta. Madam, naye akiwa amechuchumaa nyuma ya meza ya maua, alimtazama Chapuchapu kupitia miguu ya viti, akatikisa kichwa polepole.

Chapuchapu aliachia kiti. Mkono hakuwa na pa kuuweka, akauweka sakafuni kwenye ule unyevu, akaubana hapo ili asianguke.

"Safi," alisema mpiga picha. "Haya, akina mama, mara ya mwisho."